Mbingu yote ile, mbona zikagongana?

UKIISHI Magongo ama Mikindani muda wa kutosha, huhitaji mtu akwambie kama ni msimu wa Kusi au wa Kaskazi. Unainua kichwa tu. Kaskazi ikivuma, ndege nyingi hutokea upande wa maji ya Port Reitz na kutua zikielekea Mikindani. Kusi ikishika, mambo hugeuka: zinakuja kutoka bara, zinapita karibu na mabati ya Mikindani zimeshateremsha magurudumu, na mtu anayeanika nguo juu ya paa anaweza kukusomea jina la kampuni ubavuni bila miwani.

Nyumbani kwetu mtaalamu wa mambo hayo ni mdogo wangu. Ana miaka 17, na tangu darasa la tatu hajawahi kutaja kazi nyingine isipokuwa urubani. Wala si yale madege makubwa yanayomtia wazimu. Ni zile ndogo za viti vinne, ambazo rubani anafungua mlango kama wa gari, anaingia, anafunga mkanda, huyoo.

Mama alikuwa akimwitikia tu, "Inshallah mwanangu," mpaka Machi 5, 2024.

Jumanne hiyo asubuhi, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya kampuni ya Safarilink iliruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ikija huku kwetu Pwani, Diani. Ndani mlikuwa na watu 44: abiria 39 na wafanyakazi 5. Muda mfupi baada ya kupaa iligongana hewani na Cessna 172 ya shule ya urubani ya Ninety-Nines. Dash ilirudi Wilson, ikatua salama. Cessna ilianguka ndani ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Mkufunzi na mwanafunzi wake walifariki.

Mama aliitazama habari ile kwenye runinga mpaka mwisho, akageuka, akauliza swali ambalo nadhani liliulizwa kwenye baraza nyingi siku ile: "Mbingu yote ile, wamekosa pa kupishana?"

Hakuna aliyemjibu. Kwa nani ajibu? Lakini swali lile lilinikaa. Nimesoma, nimeuliza, nimetazama ramani za angani zinazofanana na mchoro wa mtoto aliyepewa kalamu za rangi kwa mara ya kwanza. Na jibu fupi ni hili: mbingu ni kubwa kweli, ila ndege hazitumii mbingu yote.

Fikiria Likoni. Bahari ya Hindi haina mwisho, lakini kila meli inayokwenda Kilindini lazima ipite kwenye mlango ule mmoja, na hapo hapo ndipo feri inapokata kwenda kisiwani. Ushawahi kukwama kwenye feri, jua la saa nane linakuchoma utosi, mnasubiri meli ya makontena ijivute ipite? Nahodha wa feri hashindani nayo. Anajua meli ile haiwezi kufunga breki wala kukwepa. Bahari yote ile, na bado watu wanasubiriana mlangoni.

Uwanja wa ndege ni mlango wa Likoni wa angani. Rubani akiwa juu ya Tsavo anaweza kuruka saa nzima asione ndege nyingine. Akikaribia Nairobi au Mombasa, kila mtu anashuka kwenye kimo kilekile, anatafuta njia ileile ya lami, anageukia kona zilezile. Ndiyo maana migongano mingi ya ndege ndogo duniani hutokea karibu na viwanja, mchana kweupe, hali ya hewa ikiwa nzuri. Siku ya mawingu mazito marubani wengi wa ndege ndogo hubaki chini wakinywa chai.

Na Wilson ni mlango mwembamba kwelikweli. Ulipoanza, miaka ya mwanzo ya 1930, kampuni ya Wilson Airways ya mama mmoja aitwaye Florence Kerr Wilson ikiutumia, ulikuwa pembeni mwa mji. Sasa mji umeuzunguka: Lang'ata huku, Kibra kule, South C ubavuni, majengo marefu upande wa Upper Hill, mbuga upande wa kusini. Kilomita kama 12 hivi mashariki kuna JKIA, na ndege kubwa zinazotua kule zikitokea magharibi hupita juu ya mbuga hiyohiyo. Kwa hivyo kandege kanakotoka Wilson kwenda kusini lazima kabaki chini ya njia ya wakubwa. Juu hakuendeki, kushoto kuna JKIA, kulia kuna vilima vya Ngong. Ni kama kupita na mkokoteni chini ya daraja la Makupa huku malori yakinguruma juu.

Ongeza kwamba Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida ya Cessna hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake pale hata kabla haijaacha ardhi, na jua la mchana likiwaka inazidi kuchoka. Dash inapaa kama imeitwa na Mungu. Cessna inapanda kama tuktuk kwenye mlima wa Kaloleni. Sasa waweke wote kwenye foleni moja.

Haitembei kiooni

Hapa kuna jambo lililonitia ubaridi mgongoni nilipolielewa.

Ukitembea Mwembe Tayari, jicho lako huona hatari kwa sababu inatembea. Boda inakatiza, unaruka. Angani ni kinyume. Ndege inayopita mbele yako bila madhara huteleza kiooni, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ile itakayokugonga haitembei. Inakaa palepale kiooni, nukta ndogo kama uchafu wa nzi, sekunde baada ya sekunde, kwa sababu nyote wawili mnaelekea sehemu moja. Haikui, haikui, haikui, halafu ghafla inajaza kioo chote.

Piga hesabu. Cessna inakwenda kilomita 180 kwa saa, ndege ya abiria inapaa kwa 280, zinatazamana. Kilomita 2 kati yao zinaisha kwa sekunde 16 hivi. Marubani wa Marekani hufundishwa kwamba kuanzia jicho linapopata kitu, akili ikakitambua, ikaona kwamba mtagongana, mkono ukageuza usukani na ndege yenyewe ikatii, zinahitajika kama sekunde 12 na nusu. Ukiwa umeinama sekunde nne tu kusoma ramani, ushazitumia zote zilizobaki.

Halafu mabawa. Cessna 172 ina bawa juu ya kichwa, ndiyo maana abiria wanaipenda: unaona chini vizuri, unapiga picha za tembo. Lakini ukikata kona, bawa la upande huo linashuka na kufunika palepale unapoelekea. Dash nayo bawa lake liko juu. Marubani hufundishwa kuinua bawa kidogo, watazame, ndipo wakate. Dereva mzuri wa matatu naye huchungulia kabla ya kuingia barabara ya Magongo. Mbaya huingia tu na honi.

Na sheria za kupishana? Hapa mdogo wangu ndiye aliyenifundisha, na nilimbishia mpaka akanionyesha. Barabarani Kenya tunapishana kila mtu akishika kushoto. Angani, ndege mbili zikitazamana, kila moja hukata kulia. Zikikutana kwa pembe, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayempisha. Ni sheria zilizotoka baharini, zilezile za manahodha. Kwa hivyo mtoto wa Likoni anayeelewa mambo ya vyombo ana heri kuliko sisi tuliolelewa na matatu.

Kuna mitambo pia. Ndege ndogo inaweza kubeba transponda, kidude kinachojibu rada na kusema "mimi niko hapa, kimo hiki." Ndege kubwa zina mtambo wa TCAS unaosikiliza transponda za wengine na kumwambia rubani apande au ashuke. Jambo la ajabu, ingawa lina sababu yake: zikiwa chini ya futi 1,000 hivi kutoka ardhini, mtambo huo huacha kutoa amri hizo, maana huwezi kumwambia rubani anayetua "shuka haraka!" Yaani palepale penye msongamano mkubwa ndipo mashine inaponyamaza na kumwachia binadamu.

Ni nani aliyekosea siku ile Wilson? Kazi ya kuchunguza ni ya idara ya uchunguzi wa ajali za ndege, AAID, na mimi sitajifanya hakimu kwenye kiti cha plastiki hapa Magongo. Ninachokielewa sasa ni kwamba haihitajiki mzembe wala mlevi ili watu wawili wakutane pale juu. Inahitajika asubuhi ya kawaida yenye kazi nyingi.

Sauti moja kwa wakati

Kama macho hayatoshi na mashine ina mipaka, kinachobaki ni sauti. Nikiulizwa, nitasema hiki ndicho kiini cha urubani wa mjini, na ndicho ambacho sinema hazionyeshi. Ujuzi wa kuishika ndege isiyumbe unafundishika. Kuongea na kusikiliza ndiko kunakotenganisha watu.

Rubani anayetaka kuingia eneo la uwanja wa Moi hawezi kujitokeza tu kama mgeni wa harusi. Lazima aite mnara mapema: mimi ni nani, niko wapi, niko kimo gani, nataka nini. Kisha asubiri ruhusa. Muongoza ndege anajibu, na rubani lazima arudie maneno muhimu kama alivyoambiwa, kimo, njia, zamu. Asiporudia, au akirudia vibaya, muongozaji anamsahihisha hapo hapo. Majina ya ndege husomwa herufi kwa herufi. Za Kenya huanza na 5Y, halafu zinafuata Alfa, Bravo, Charlie na ndugu zao, ili B isisikike kama D kwenye redio inayokwaruza.

Shida ni kwamba redio hiyo ni moja kwa wote. Wawili wakibonyeza pamoja, hakuna anayesikika, ni mlio tu. Machi 27, 1977, kwenye uwanja wa Tenerife, visiwa vya Canary, ndege mbili aina ya 747 za KLM na Pan Am ziligongana kwenye njia ya kurukia, ukungu umetanda. Watu 583 walikufa, na hadi leo haijatokea ajali ya ndege mbili kugongana iliyoua watu zaidi ya hao. Miongoni mwa sababu ni kwamba ujumbe wa mnara na ule wa Pan Am ulitoka kwa wakati mmoja, na ndani ya KLM maneno yaliyohitajika yakamezwa na mlio. Baada ya hapo lugha ya redio ilikazwa duniani kote. Siku hizi neno la kuruka halitamkwi ovyo, hutamkwa tu wakati wa kutoa ruhusa yenyewe ya kuruka, au kuifuta.

Sasa mweke hapo mwanafunzi mwenye saa 15 za kuruka. Mnara unamwagiza kitu haraka haraka, kwa Kiingereza, nyuma yake kuna ndege ya abiria, mbele kuna nyingine, na hakusikia vizuri. Kijana wa Kiafrika aliyelelewa kuitikia "ndiyo" kwa mkubwa hata kama hakuelewa, atafanyaje? Hilo ndilo jaribio halisi. Jibu sahihi ni maneno mawili, "say again," rudia tena. Hayana aibu. Watu wa shule za urubani husema wanafunzi wengi huyaonea haya kuliko wanavyoogopa kuanguka.

Nilimwambia mdogo wangu hivyo, akacheka. Kisha akanyamaza kidogo. Anajijua.

Upande wetu

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Nairobi. Hapana. Uwanja wa Moi ulijengwa na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kwa miaka mingi ukajulikana kama Port Reitz. Changamwe ya leo haikuwapo. Sasa njia ndefu ya lami, mita 3,350, iko katikati ya watu. Inaitwa 03 ukiitazama ukielekea kaskazini-mashariki kidogo, na 21 ukiigeuzia mgongo. Nambari hizo ni nyuzi za dira zikiwa zimekatwa sifuri moja: 30 na 210. Kuna njia nyingine fupi, mita 1,260 hivi, iitwayo 15 na 33. Kichekesho ni kwamba hiyo fupi ndiyo iliyoelekea Kusi karibu sawasawa, wakati ile ndefu hupigwa ubavuni. Rubani wa ndege ndogo anayetua kwenye njia ndefu Julai huja upande upande kama kaa, kisha ananyoosha pua sekunde ya mwisho.

Na kwenye njia ile hayuko peke yake. Kuna Boeing, kuna ndege za Jambojet, kuna zile ndogo za watalii na helikopta, na upande wa pili wa kivuko kuna Ukunda na shughuli zake. Ndege kubwa ikipita huacha nyuma yake upepo unaojisokota kutoka kwenye ncha za mabawa, hauonekani, unazama taratibu. Aliyewahi kuwa kwenye mtumbwi nyuma ya meli pale Mtongwe anajua nisemalo: meli imeshapita, umeshapumua, ndipo wimbi linapokuja. Cessna ikijaa ina uzito wa kilo 1,100 hivi, sawa na Probox tupu. Boeing 737-800 inaweza kufika tani 79. Upepo wa mkubwa unaweza kuipindua ndogo tumbo juu. Ndiyo sababu kanuni za kimataifa zinataka ndege ndogo inayotua nyuma ya kubwa iachwe dakika 3.

Mama yeye hakuhangaishwa na Boeing. Alihangaishwa na walio chini. Januari 10, 2025, ndege ndogo ya mafunzo ilianguka Kwachocha, Malindi, kando ya barabara. Waliokuwa ndani walinusurika. Watu 3 waliokufa walikuwa chini, katika shughuli zao. Oktoba 28 mwaka huohuo ndege ndogo iliyotoka Diani ikaanguka Kwale na kuua wote 11. "Waona?" akaniambia, na sikuwa na la kumbishia.

Kanuni inasema rubani akipita juu ya mji abaki angalau futi 1,000 juu ya kitu kirefu kilicho karibu naye. Watu hudhani ni kwa sababu ya kelele. Sababu kubwa ni kwamba kimo ni muda. Injini ikizimika Cessna haidondoki kama embe. Inateleza, na kwa kila futi 1,000 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2 ikitafuta pa kulala. Lakini pa kulala pako wapi? Juu ya Kisauni ni mabati mpaka Bamburi. Juu ya Changamwe ni matangi ya mafuta, reli, na mabomba ya moshi ya Kipevu. Rubani mwenye akili huku kwetu hupita na ufuo au juu ya maji ya hori, na kila dakika ana jibu la swali moja: ikizimika sasa hivi, naenda wapi? Likoni jibu ni mchanga wa Shelly, kama maji yametoka.

Baada ya yote hayo, mdogo wangu bado anataka. Basi tukafanya hesabu yake pia, maana ndoto haina bei lakini Cessna inayo. Kwa kiwango cha kimataifa, leseni ya kibinafsi inaanzia miaka 17 na saa 40 za kuruka, au 35 kwa kozi iliyoidhinishwa, pamoja na mitihani na cheti cha daktari. Miwani haikuzuii. Saa moja inaweza kumeza kodi ya nyumba ya miezi kadhaa hapa mtaani, kwa hivyo zidisha mwenyewe, mimi nilisimama katikati. Nikamtajia njia ambayo vijana wengi hawaifikirii: kuketi mnarani. Waongoza ndege wa KCAA hufundishwa Embakasi, kwenye East African School of Aviation, na wao ndio wanaoziona zote kwa pamoja. Alinisikiliza kwa adabu. Nadhani alikuwa anasema "ndiyo" bila kuelewa, nikamwambia arudie. Akarudia.

Jumapili iliyopita tulikuwa juu ya paa, mama anatoa nguo kambani, Kusi inavuma kiasi cha kuangusha vibanio. Dege moja kubwa likapita upande wa Mikindani, likazama nyuma ya nyumba. Mbali kidogo, nyuma yake, tukaona nukta. Haikuwa inatembea.

"Na hiyo?" mama akauliza.

Mdogo wangu alikuwa ameshatoa simu anahesabu. Dakika ya kwanza, nukta ikageuka kushoto, ikaonyesha ubavu, ikawa ndege ndogo nyeupe inayozunguka taratibu juu ya Jomvu. Dakika ya pili ikawa bado inazunguka. Mama akaacha nguo, akasimama na shuka mkononi.

Iliponyoosha pua kuja kutua, ilikuwa dakika ya nne.